Manesi wa Meli ya Khedive Ismail



Tulipokuwa Kidato cha Tatu, Vita Kuu ya Pili kwetu ilikuwa majina ya majemadari na tarehe za mapigano. Jioni moja bwenini, kijana mwenzetu alisema akimaliza masomo atakwenda kusomea unesi. Tulimcheka sana, nami nilicheka kuliko wote. Nilimwambia hiyo ni kazi ya waoga. Leo nataka kuyafuta maneno yale, na shahidi wangu ni historia yenyewe.

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Humo walikuwamo karibu askari elfu moja wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, na wanawake 83. Wengi wa wanawake hao walikuwa manesi wa jeshi. Walikuwa wakienda kuwauguza majeruhi wa vita vya Mashariki ya Mbali. Mwaka huo huo vijana wetu wa King's African Rifles walipigana Burma.

Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama kabla ya dakika mbili kutimia. Walikufa watu 1,297. Kati ya wale wanawake 83 waliookoka ni sita tu. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliizamisha nyambizi ile, lakini mabomu yalitupwa majini huku baadhi ya walionusurika wakiwa bado wanaelea.

Askari na nesi walipanda meli moja na kuzama bahari moja. Askari alikwenda kupigana. Nesi alikwenda hatarini bila silaha, ili aokoe maisha ya mwingine. Huyo ndiye niliyemwita mwoga!

Mwenzetu yule alikuwa nesi kweli, akakesha wodini miaka mingi. Ndugu yangu, kama unasoma haya, nisamehe. Tukikutana mkutanoni nitayarudia mbele ya wote, kama nilivyokucheka mbele ya wote.

Nanyi wanafunzi, atakayesema kesho kwamba anataka kuwa nesi, msimcheke. Mpeni mkono.