Spiriti katika injini za kasi

Mwezi Mei mwaka 1902, barabara za vumbi za kaskazini mwa Ufaransa zilipitiwa na mbio za magari za aina yake. Ziliitwa Circuit du Nord, na Wizara ya Kilimo ndiyo iliyozipigia debe, kwa sababu magari yalitakiwa kwenda kwa spiriti badala ya petroli. Chanzo chake kilikuwa shambani. Wakulima wa viazisukari walivuna kuliko soko lilivyoweza kumeza, na spiriti iliyotokana na viazi hivyo ilitafutiwa mnunuzi. Maurice Farman alishinda akiendesha Panhard. Watu wakashuhudia kwamba gari laweza kukimbia kwa zao la mkulima, lakini petroli ilikuwa rahisi, na soko likabaki kuwa lake.

Marekani nayo ilikuwa na kikwazo chake. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ilitoza kodi ya pombe kwenye spiriti yote, hata ile ya kuwashia taa. Kodi hiyo iliondolewa kwa spiriti ya viwandani mwaka 1906, wakati petroli imeshazoeleka. Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama injini zenyewe zisingeanza kulalamika.

Malalamiko hayo ni kugonga. Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche na moto husambaa kwa mpangilio. Mchanganyiko ukibanwa mno, au ukipata joto mno, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mpigo. Dereva husikia kokoto zikigongana ndani ya chuma. Zikiendelea, pistoni hutoboka. Na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa nguvu ya injini inatokana na kubana: ukibana zaidi, unavuna kazi zaidi kutoka kwa mafuta yale yale. Kugonga ndiko kulikowawekea mpaka wasanifu wote wa injini za miaka ya 1910.

Mwingereza Harry Ricardo alilichukua suala hili kwa uvumilivu kuliko wengi. Mwaka 1919 alitengeneza injini ya majaribio yenye silinda moja, E35, ambayo kiwango chake cha kubana kiliweza kubadilishwa huku ikizunguka. Alitia mafuta ya kila namna, akaongeza kubana kidogo kidogo hadi kugonga kuanze, akaandika. Spiriti ilivumilia kubanwa kuliko petroli yoyote ya siku zile. Tena ilikuwa na faida ya pili: inapogeuka mvuke hunyonya joto jingi, zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo, hivyo hewa inayoingia kwenye silinda hupoa na kushikana. Hewa baridi ni nzito, na hewa nzito huchoma mafuta mengi zaidi. Mambo hayo mawili, kuvumilia kubanwa na kupoza hewa, ndiyo msingi wa kila kitu kilichofanywa baadaye na mafundi wa magari ya kasi.

Ng'ambo ya bahari, mjini Dayton, Ohio, Thomas Midgley na mkuu wake Charles Kettering walikuwa wakitafuta dawa ya kugonga kwa niaba ya General Motors. Spiriti waliijua vizuri. Waliijaribu kwenye magari, na Midgley aliomba hataza ya mchanganyiko wake na petroli. Kisha tarehe 9 Desemba 1921 wakagundua kwamba tone dogo la kimiminika chenye madini ya risasi lilimaliza kugonga kabisa. Spiriti ilihitaji kuchanganywa kwa wingi, na mtu yeyote mwenye shamba na mtambo angeweza kuikeneka. Dawa ya risasi ilitosha kwa kiasi kidogo mno, na iliweza kumilikiwa kwa hataza. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923. Oktoba 1924, wafanyakazi watano waliokuwa wakishughulika na dawa hiyo kwenye kiwanda cha mafuta huko New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili kwa sumu yake. Uuzaji ulisimama kwa muda, kisha ukarudi na kuenea dunia nzima. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuja kuachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho, Julai 2021. Nasema bila kusita: huu ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote katika historia ya gari, na vizazi vya watoto waliovuta moshi ule barabarani ndio waliolipa.

Kwenye mbio, hata hivyo, spiriti haikuondoka. Mwenye gari la mashindano hajali sana bei ya lita. Anataka injini isiyogonga hata ikishindiliwa hewa kwa nguvu. Mercedes-Benz W125 ya mwaka 1937, iliyompa Rudolf Caracciola ubingwa wa Ulaya, ilikunywa mchanganyiko uliokuwa karibu theluthi mbili spiriti, ya methanoli na ya ethanoli, pamoja na benzoli na petroli kidogo tu. Injini yake ya lita 5.7 ilitoa karibu nguvu za farasi 600, kipimo ambacho magari ya mbio za Grand Prix yalikaa miongo kadhaa bila kukifikia tena. Formula 1 ilipiga marufuku mafuta ya spiriti kuanzia msimu wa 1958 na kuagiza petroli ya ndege.

Indianapolis ilikwenda upande wa pili, na ilisukumwa na moto. Tarehe 30 Mei 1964, katika mzunguko wa pili wa mbio za maili 500, magari yenye petroli yaligongana na kulipuka. Madereva Dave MacDonald na Eddie Sachs wakafa. Kuanzia 1965 methanoli ikatawala, kwa sababu moto wake huzimwa kwa maji ya kawaida. Ubaya wake ni kwamba moto huo hauonekani mchana: mwaka 1981 dereva Rick Mears alikuwa akiungua usoni pale pit, magari yanapohudumiwa, huku waliomzunguka wakichelewa kuelewa anapambana na nini. Ethanoli inayotokana na mahindi ilichukua nafasi ya methanoli mwaka 2007, ikiwa karibu halisi, na Dario Franchitti akawa mshindi wa kwanza wa Indianapolis katika zama hizo. Kampeni ya ethanoli ilisukumwa sana na dereva Paul Dana, aliyefariki kwenye mazoezi huko Homestead mwezi Machi 2006, hivyo hakuiona siku hiyo.

Lakini elimu ya kuifanya spiriti ifae kwenye gari la mtu wa kawaida haikutoka kwenye viwanja vya mbio. Ilitoka Brazil.

Brazil ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta yake bei ilipopanda ghafla mwaka 1973. Miwa ilikuwa tele. Katika kituo cha utafiti wa anga cha CTA, mjini São José dos Campos, mhandisi Urbano Ernesto Stumpf alikuwa ameshafanya kazi ya injini za spiriti kwa miaka, na mwaka 1975 alimwonyesha Rais Ernesto Geisel matokeo yake. Tarehe 14 Novemba mwaka huo huo amri ya serikali ilianzisha mpango wa Proálcool. Mwaka 1976 magari matatu yaliyobadilishwa na timu ya Stumpf, Volkswagen ya kobe, Dodge na Gurgel, yalizungushwa nchini kwa maelfu ya kilomita ili wananchi wayaone kwa macho yao. Julai 1979 Fiat ikatoa modeli ya 147, gari la kwanza kuundwa kiwandani kwa ajili ya spiriti tupu.

Wabrazil waligundua kwa njia ngumu yale ambayo kila fundi wa leo huambiwa siku ya kwanza. Spiriti ilikula kabureta, hivyo ndani ikapakwa madini ya nikeli. Asubuhi za baridi injini iligoma kuwaka, basi ikafungwa chupa ndogo ya petroli chini ya boneti kwa ajili ya kuamshia. Matundu ya kabureta yaliongezwa ukubwa, na kubana kukapandishwa, maana kutia spiriti kwenye injini ya petroli bila kuibana zaidi ni kutupa faida yake. Katikati ya miaka ya 1980 magari mengi mapya ya Brazil yalikuwa ya spiriti. Kisha mwishoni mwa muongo bei ya sukari ikavutia, spiriti ikaadimika, na foleni za vituoni zikavunja imani ya watu. Imani ilirudi Machi 2003, Volkswagen ilipotoa Gol yenye programu ya Magneti Marelli iliyosoma moshi kwenye ekzosi na kukisia kilichomo ndani ya tangi, ikirekebisha mafuta na cheche yenyewe. Dereva akawa huru kuchanganya atakavyo.

Kuanzia hapo wapenda kasi walifungua macho. Mwaka 2005 Saab ya Sweden ilitoa 9-5 BioPower: nguvu za farasi 150 kwa petroli, 180 kwa E85, yaani mchanganyiko wa hadi asilimia 85 ya ethanoli. Injini ni ile ile. Kompyuta ndiyo iliyoruhusu turbo isukume zaidi na cheche iwahi zaidi. Mwaka 2007 Koenigsegg, naye wa Sweden, aliligeuza gari lake la CCX lenye nguvu za farasi 806 kuwa CCXR lenye 1,018. Wakati huo huo pampu za E85 zilikuwa zikiongezeka kwenye majimbo ya mahindi ya Marekani, na vijana wenye Subaru WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution wakagundua kwamba mafuta yenye tabia za mashindano yanauzwa kando ya barabara.

Tazama kazi inayofanyika gereji. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa. Ya E85 huhitaji 9.8 hivi. Kwa hiyo kwa hewa ile ile lazima umwage mafuta mengi zaidi, kama nusu zaidi kwa uzito. Nozeli za awali hufika mwisho wa uwezo wake, pampu nayo huishiwa pumzi. Zote hubadilishwa kwanza. Wala pampu ya kituoni haiaminiki kwa jina: nchini Marekani mafuta yanayouzwa kama E85 huruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83. Fundi makini hutia maji kwenye kijichupa chembamba chenye alama, akaongeza mafuta juu yake, akatikisa, akakisimamisha wima. Ethanoli huikimbia petroli na kujiunga na maji, mstari kati ya vimiminika viwili hupanda, naye husoma asilimia kwa jicho. Magari mengi sasa hufungwa kihisi kwenye bomba la mafuta, kinachotuma mapigo 50 kwa sekunde kwa petroli tupu na 150 kwa ethanoli tupu. Kompyuta hutembea kati ya ramani mbili za mafuta na cheche kulingana na mapigo hayo. Ndipo fundi anapoanza kuwahisha cheche, digrii moja moja, akisikiliza kugonga, na mara nyingi hufika mahali ambapo nguvu haiongezeki tena kabla kugonga hakujaanza. Kwenye petroli ya turbo mahali hapo hapafikiki.

Katika historia hii ya spiriti, Afrika Mashariki nayo haikuwa mtazamaji. Katika miaka ya 1980 Kenya iliuza petroli iliyochanganywa na spiriti ya molasi kutoka Muhoroni, kwenye ukanda wa miwa, kabla biashara hiyo haijashindwa kujilipa. Malawi ilianza mwaka 1982 kwa spiriti ya Dwangwa, na ikaendelea.

Ukiwa na Subaru na ukapata spiriti ya kutosha kuijaribu, usianzie kwenye turbo. Badilisha pampu, nozeli na mipira ya mafuta isiyostahimili spiriti, pima asilimia kila unapojaza, na usiache gari limelala miezi na spiriti tangini, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. Nguvu zihesabiwe mwisho.