Taa za waifai zinapopepesa: jinsi ya kumsaidia fundi aliye mbali

Nzuguni, kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa barabara ya Morogoro, haikauki watu. Kuna stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane. Katika maduka ya kuchapa na kutoa nakala, nyumba za wageni na ofisi za eneo hilo utaona kisanduku kidogo ukutani au kwenye dari, chenye taa moja au kadhaa. Hicho ndicho kinachotoa waifai.

Siku taa zake zikibadilika na intaneti ikakatika, kazi inasimama. Mwanafunzi anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu siku ya mwisho hawezi kusubiri fundi hadi kesho. Na kama kifaa kipo kijijini Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, nauli ya fundi huenda ikazidi gharama ya tatizo lenyewe. Ndiyo maana siku hizi matengenezo mengi huanza kwa simu. Makala haya yanaeleza wewe uliye karibu na kifaa uangalie nini, useme nini, na usiguse nini.

Kwa nini fundi anahitaji macho yako

Fundi wa mtandao anaweza kuingia kwenye kifaa chako akiwa Dar es Salaam au Arusha, akaona simu ngapi zimeunganishwa na kubadilisha mipangilio. Lakini anaingia kupitia intaneti hiyohiyo. Ikikatika, naye anafungiwa nje. Kwenye skrini yake anaona tu kwamba kifaa hakijibu. Hajui kama umeme umekatika, waya umechomoka au kifaa kimeungua. Hapo macho yako ndiyo yanayofanya kazi.

Safari ya intaneti hadi kwenye simu yako

Sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania hufika kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo husafiri bara kwa nyaya za mwanga, zikiwemo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ikifika Dodoma, huja kwako kwa waya au kwa mawimbi ya mnara. Kifaa cha kwanza kuipokea ni ruta. Ruta inaweza kutoa waifai yenyewe, au kuipeleka kwa waya hadi kwenye kisambazaji cha ukutani au darini.

Kila taa inaeleza kipande kimoja cha safari hiyo. Kazi ya fundi ni kujua kipande gani kimekatika.

Taa zinasema nini

Kwanza elewa hili: taa kupepesa si lazima iwe ugonjwa. Taa ya data hupepesa kwa sababu data inapita. Tatizo ni taa inayofanya tofauti na ilivyozoea. Kila kampuni ina lugha yake ya taa, lakini mambo haya hukutwa mara nyingi:

- Hakuna taa hata moja. Anza na umeme: soketi, swichi, adapta. Kisambazaji cha darini mara nyingi hupata umeme kupitia waya uleule unaoleta data, kwa hiyo adapta yake huenda iko chini mezani au kabatini.
- Taa inawaka, inazima, kisha inaanza upya kila baada ya muda mfupi. Kifaa kinajaribu kuwaka na kushindwa. Chanzo cha kawaida ni umeme hafifu au adapta iliyochoka. Usiazime adapta yoyote kwa sababu tundu limeingia. Zipo za volti 12, 24 na 48, na isiyolingana inaweza kuunguza kifaa.
- Taa nyekundu iliyoandikwa LOS. Hii huwa kwenye vifaa vya nyaya za mwanga. Ikiwa nyekundu, hasa ikipepesa, mwanga haufiki. Waya umekatika, umechomoka au umepinda sana.
- Taa ya intaneti imezima au ina rangi ya machungwa, lakini ya umeme na ya waifai ni nzima. Simu itaunganishwa lakini itaandika kwamba hakuna intaneti. Kosa huenda liko nje ya jengo lako, au kifurushi kimeisha.
- Kisambazaji chenye taa moja. Kwa vingi vya kampuni ya Ubiquiti, bluu iliyotulia ni uzima, na nyeupe iliyotulia maana yake kifaa kinasubiri kusajiliwa na fundi. Nyeupe na bluu zikipokezana haraka, kinaweka programu mpya. Usikizime hapo, kinaweza kuharibika.

Mazungumzo yanavyokwenda

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka na fundi kijana aliye mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, waifai imekufa tangu asubuhi."

"Pole sana. Upo mbele ya kifaa? Taa ngapi zinawaka?"

"Tatu. Mbili kijani, moja nyekundu, inawaka na kuzima."

"Chini ya hiyo nyekundu pameandikwaje?"

"L, O, S."

"Sawa mama, usibonyeze kitu. Fuata ule waya mwembamba kutoka kwenye kifaa. Umebanwa popote?"

"Ee! Jana tulisogeza kabati. Limeukalia."

Kabati likisogezwa na taa nyekundu ikazima, safari ya fundi imeokolewa. Ikibaki nyekundu, fundi anajua anatakiwa kuja na vifaa vya kuunga waya wa mwanga, si ruta mpya. Waya huo ukikatika, usichungulie ncha yake wala usimwache mtoto aichezee. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru.

Hatua za kufuata

1. Piga simu ukiwa mbele ya kifaa. "Nikifika dukani nitaangalia" hupoteza muda wa wote wawili.
2. Tuma video, si picha. Picha haionyeshi kama taa inapepesa. Rekodi sekunde 20 ukiwa umetulia, taa zote zionekane.
3. Piga picha ya karatasi iliyobandikwa chini ya kifaa ili fundi ajue aina yake. Mara nyingi nywila imeandikwa hapohapo, kwa hiyo mtumie fundi peke yake, usiiweke kwenye kundi.
4. Jaribu simu mbili. Moja ikipata na nyingine ikikosa, tatizo ni la simu.
5. Sukuma kila waya taratibu mpaka usikie umekaa. Waya uliolegea husababisha matatizo mengi kuliko watu wanavyodhani.
6. Fundi akikubali, zima vyote. Subiri sekunde 30. Washa ruta kwanza, ngoja dakika tano, ndipo uwashe kisambazaji. Angalia taa zinavyobadilika na umweleze.
7. Usichokoe kitundu kidogo kilichoandikwa "reset". Kukibonyeza kwa sekunde kadhaa hufuta mipangilio yote, na kosa lililokuwa la dakika tano huwa la safari nzima.

Kama simu yako ina bando, fundi anaweza kukuomba uwashe mtandao wa simu ili aingie kwenye ruta kupitia kompyuta yako. Kaa hapo ukiangalia anachofanya.

Taa nzima, intaneti hakuna

Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku hiyo kifaa kizima kabisa hakikuweza kukupa intaneti ya kawaida, na kuchomoa nyaya hakungesaidia chochote. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu kisanduku, muulize jirani anayetumia mtandao mwingine.

Nzuguni ina jambo lake pia. Kuelekea tarehe 8 Agosti, viwanja vya Nanenane hujaa, na maelfu ya simu hugawana minara ileile. Ruta inayotumia laini ya simu inaweza kuonyesha taa nzuri huku ikienda kwa kujikokota. Hapo jaribu alfajiri au usiku.

Vumbi, radi na matapeli

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi. Futa matundu ya hewa kwa kitambaa kikavu kifaa kikiwa kimezimwa. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, radi ikikaribia chomoa umeme na waya unaotoka nje.

Na uwe macho. Fundi wa kweli hahitaji namba yako ya siri ya pesa za simu. Anayekupigia bila wewe kumtafuta, akidai waifai yako ina shida na akitaka namba uliyotumiwa kwa ujumbe, kata simu. Ujumbe wa kitapeli tuma kwenda namba 15040.

Jambo la mwisho lifanye leo, intaneti ikiwa nzima: rekodi video ya taa zako zilivyo, na uandike namba ya fundi ukutani karibu na kifaa. Siku zikibadilika, utakuwa na cha kulinganisha, na fundi ataanza na jibu badala ya maswali.