Ishirini na Tano, au Tano na Ishirini?

Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu waliotoka Unguja na Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, kwenye milki ya Omukama (mfalme) Rumanyika, yule aliyewapokea wavumbuzi Speke na Grant mwaka 1861. Walileta vitambaa na shanga, wakarudi na pembe za ndovu. Mwarabu akihesabu pembe 25 kwa lugha ya kwao husema khamsa wa ishrin, tano na ishirini. Mjerumani aliyekuja kutawala baadaye naye hutanguliza tano. Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, huanza na makumi. Kiswahili kikafanya jambo la ujanja: kilichukua neno ishirini kwa Mwarabu, kikamwachia mpangilio wake.

Ugomvi huohuo uliwakuta watengenezaji wa kompyuta. Baiti moja ina biti 8, yaani tarakimu nane ambazo kila moja ni sifuri au moja, na haiwezi kuhesabu kupita 255. Namba kubwa zaidi hukatwa vipande, kila kipande baiti moja, vikapangwa kwenye kumbukumbu kama wapangaji kwenye vyumba vya nyumba moja. Chumba cha kwanza apewe nani, kipande kikubwa au cha mamoja?

IBM, ilipotangaza kompyuta ya System/360 mwaka 1964, ilitanguliza kikubwa. Kampuni ya CTC ya Texas ilifanya kinyume kwenye mashine ya Datapoint 2200 ya mwaka 1970, na sababu yake haikuwa falsafa. Mashine ile ilishughulikia biti mojamoja, na kujumlisha huanzia kwenye mamoja, kama mtoto wa darasa la pili anavyoanzia kulia ili apate "kubeba moja". Intel ilibuni prosesa ya 8008 kwa ajili ya Datapoint. Mteja hakuitumia, Intel ikaiuza yenyewe mwaka 1972, ikaendelea na mpangilio uleule hadi 8086 ya mwaka 1978. Kompyuta nyingi za ofisini mjini Kayanga, Karagwe, ni wajukuu wa prosesa hiyo. Tabia ya mashine iliyokwisha kusahaulika bado inaishi ndani yake.

Kompyuta ya PDP-11 iliharibu zaidi: namba ya baiti nne iliipanga kwa kuchanganya, haianzi na kipande kikubwa wala kidogo. Wanaojua Kiarabu wasicheke, maana 125 kwao ni mia na tano na ishirini.

Tarehe 1 Aprili 1980 mtaalamu wa kompyuta Danny Cohen aliandika waraka wa kuomba amani. Majina ya makundi mawili aliyaazima kwa Jonathan Swift, mwandishi aliyebuni watu wanaopigana kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai. Amani ilipatikana nusu tu. Intaneti ilichagua kikubwa kwanza, ilhali prosesa za simu zetu hutanguliza kidogo. Kwa hiyo kila ujumbe unaotoka Nkwenda, Kyerwa, una namba zilizogeuzwa kabla ya kusafiri.

Kisha kuna ugomvi wa pili, wa deni. Mkulima wa kahawa Kagera anaijua butura: unauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, mavuno yakija si yako. Ametumia gunia tano asizonazo. Ana hasi tano. Kompyuta isiyo na wino mwekundu itaandikaje hasi?

Wengine walitenga biti moja iwe alama ya kutoa, kama IBM 7090. Wengine, kama UNIVAC 1107 na CDC 6600, waligeuza kila biti: sifuri ikawa moja, moja ikawa sifuri. Njia zote mbili zilizaa kichekesho, sifuri mbili, ya kawaida na ya hasi, na mashine ikalazimika kukumbushwa kuwa ni kitu kimoja.

Njia iliyoshinda ilipendekezwa na John von Neumann mwaka 1945 na kutumiwa na EDSAC ya Cambridge mwaka 1949. Fikiria mita ya pikipiki inayosoma 0000, ukairudisha nyuma hatua moja: inasoma 9999. Basi 9999 na iwe hasi moja. Kwa biti 8, tano ni 00000101. Geuza zote, ongeza moja, upate 11111011, hasi tano. Mavuno yakiwa gunia saba, jumlisha 00000111 na deni hilo. Biti ya tisa inamwagika nje, inabaki 00000010. Gunia mbili. Mashine imetoa bila kujifunza kutoa.

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha, mwaka 1965, ilihesabu kwa tarakimu za kumi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Zilipokuja kujaa nchini, mabishano kuhusu hasi yalikuwa yamekwisha kwingine, na sisi tukapokea jibu pamoja na kasoro yake.

Kasoro yenyewe ina tarehe. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zinazoweza kuandika hasi, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Kitafikiwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, jua likiwa bado halijachomoza Karagwe. Sekunde inayofuata namba itageuka hasi, na mashine ambayo haijarekebishwa itasoma Ijumaa, 13 Desemba 1901, na Karagwe itakuwa imerudi chini ya Mjerumani.