Eudora: Msimbo Ulikwama, Barua Zikahama

Leo tuweke simu kando kidogo tuizungumzie programu ya zamani ya barua pepe iitwayo Eudora.

Steve Dorner alianza kuiandika mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Toleo la kwanza lilikuwa na takriban mistari 50,000 ya lugha ya C, na lilifanya kazi kwenye Macintosh peke yake. Jina alilitoa kwa mwandishi Eudora Welty, aliyetunga hadithi ya mwanamke anayehama kwao na kwenda kuishi posta. (Sisi waandishi wa programu tuna mizaha yetu.) Mwaka 1991 Qualcomm ikaichukua, na baadaye ikatoka ya Windows.

Taabu ilianzia chini ya programu yenyewe. Apple ilibadilisha prosesa mwaka 1994, ikaleta mfumo mpya mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikahamia Intel. Eudora ya Mac haikuwahi kuandikwa upya kwa ajili ya Intel. Iliishi kwa msaada wa Rosetta, mkalimani aliyetafsiri maagizo ya prosesa ya zamani. Julai 2011 Apple ikatoa Lion, na Rosetta hakuwemo. Ukiweka mfumo mpya jioni, asubuhi Eudora haifunguki.

Qualcomm yenyewe ilikuwa imetangaza mwaka 2006 kwamba inaacha. Ikasaidia kutengeneza Eudora mpya juu ya Thunderbird, iliyokamilika mwaka 2010. Sura ya Eudora, matumbo ya Thunderbird. Wazoefu wengi hawakuipenda, na mimi siwalaumu.

Mei 2018, baada ya mazungumzo ya miaka mitano, Computer History Museum ya California ikaachilia msimbo wa Eudora bure. Ungedhani mambo yamekwisha, sivyo? La. Vipande vilivyokodishwa kutoka kampuni nyingine ilibidi viondolewe kwanza, maana jumba hilo halikuwa na haki ya kuvigawa. Gari umepewa, lakini baadhi ya vipuri ni vya watu.

Palipokuwa na nafuu ni usalama. Seva za leo zinakataa usimbaji wa enzi zile, lakini katika Eudora ya Windows kazi hiyo ilikuwa kwenye faili za DLL zilizo kando. Watu wa mradi wa HERMES waliweza kuandika faili mpya na kuzichomeka mahali pa zile za zamani, programu nzima ikiwa vilevile.

Barua je? Hizo ni maandishi matupu. Kila sanduku ni faili moja, na kila barua inaanza na mstari wenye "From ???@???". Hata Notepad inazisoma. Lakini angalia mambo mawili. Eudora ya Mac ilimaliza mistari kwa alama ya CR badala ya LF, kwa hiyo kigeuzi kisichojua hilo huona sanduku zima kama mstari mmoja mrefu. Pili, viambatisho havimo ndani ya barua. Vilihifadhiwa kwenye folda yao, na katika Windows barua ikabaki na mstari wa "Attachment Converted" unaotaja njia ya faili. Ukihamisha masanduku pekee, njia hiyo haielekei popote.

Kwa hiyo ukipata diski ya zamani yenye Eudora, nakili folda yote, pamoja na ile ya viambatisho, kabla hujafungua kigeuzi chochote.