Sungura wa saa sita mchana

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenibana. Leo sitaandika kuhusu seva wala hifadhidata. Nitaandika kuhusu sungura. Vumilieni, mtaona tarakilishi inaingilia wapi.

Mjomba wangu analima kunde upande wa Machakos. Sungura wa porini walikuwa wanammalizia majani. Nasema wa porini kwa sababu hawa si wale wa kwenye vizimba. Hawachimbi hata mashimo, mchana hujilaza tu chini ya kichaka. Akaniuliza alinde shamba saa ngapi. Nikafunga kamera mbili zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, nikaziacha wiki tatu. Niliporudi nikasoma saa iliyohifadhiwa ndani ya kila faili ya picha, nikatafuta wastani. Programu yangu ikajibu kwamba sungura huja mwendo wa saa sita mchana.

Mjomba akanitazama. "Wewe kijana, saa sita mchana hata mbuzi wanatafuta kivuli."

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nisome historia ya kamera hizi. Nilidhani ni hadithi ya lenzi na mwanga. Kumbe, kwa mtu anayetaka kujua mnyama anaishije siku yake, ni hadithi ya saa.

Wa kwanza kujulikana sana ni George Shiras, wakili wa Marekani aliyewahi pia kuwa mbunge. Miaka ya 1890 alitega waya msituni usiku: mnyama akiugusa, unga wa magnesiamu unalipuka na kamera inapiga. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74. Huku kwetu Mjerumani C. G. Schillings alifanya kazi ya namna hiyo katika nyika za Umasai karibu na Kilimanjaro, na kitabu chake kikatoka 1905. Picha ni za kusisimua hata leo. Lakini hebu fikiria mlipuko ule! Mnyama aliyetoka mbio hivyo hawezi kukuambia kesho angerudi saa ngapi. Na picha yenyewe inasema tu kwamba alikuwepo usiku. Usiku wa saa ngapi? Haisemi.

Mtu aliyenifurahisha zaidi ni Oliver Pearson wa California. Katika miaka ya 1950 alitaka kujua panya wadogo wa nyasini hupita saa ngapi kwenye vijia vyao. Alitengeneza mtambo wa kupiga picha kila panya apitapo, kisha akaweka saa na kipimajoto mbele ya lenzi, vionekane katika kila picha pamoja na panya. Matokeo aliyachapisha 1959. Ukifanya kazi kama yangu unajua hiyo ni nini: kila rekodi imebeba muda wake yenyewe, miongo kadhaa kabla ya kamera za dijitali.

Sungura nao walifikiwa kwanza kwa redio. Huko Cedar Creek, Minnesota, palijengwa mtambo wa minara uliofuata mawimbi ya visambaza redio vilivyofungwa kwa wanyama, mchana na usiku, bila mtu kukesha. Mwaka 1966 Mech, Heezen na Siniff walitoa makala kuhusu wakati sungura wanapoanza na kuacha shughuli zao. Angalia walipima kwa nini: hawakutumia saa ya ukutani peke yake, walilinganisha na machweo na macheo. Kule kaskazini usiku wa Juni ni mfupi mno na wa Desemba ni mrefu mno, kwa hiyo "saa mbili usiku" ya Juni na ya Desemba si kitu kimoja kwa sungura. Hapa kwetu karibu na ikweta jua husogea kama nusu saa tu kwa mwaka mzima. Tuna bahati, na ndiyo maana Mswahili anaweza kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza na hesabu isimharibikie.

Kamera zilizoenea miaka ya 1990 zilikuwa za filamu ya picha 36. Ukitega chui milia na sungura mmoja akaamua kucheza mbele ya lenzi, filamu imekwisha. Chui milia alithaminiwa kwa sababu milia yake humtofautisha na mwenzake, ukaweza kuhesabu mmoja mmoja. Sungura wote wanafanana. Kamera za dijitali zilipokuja, picha zikawa bure, na sungura akaanza kujaa kwenye data za watu waliomtafuta simba. Kule Serengeti mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 kuanzia 2010, katika eneo la kilomita mraba 1,125, na sungura ana kundi lake katika orodha ya wanyama walioainishwa. Huwezi kujua ni sungura yupi, lakini saa aliyopita unayo.

Sasa hitilafu yangu. Sungura wa mjomba walipita zaidi saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa tarakilishi hizo ni 19 na 5. Jumlisha, gawa kwa mbili: 12. Adhuhuri! Ukihesabu Kiswahili, moja na kumi na moja, unapata saa sita usiku, ambayo angalau ni usiku. Nilifurahi kwa dakika tano hivi. Kisha nikajaribu saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, ikatoka sita tena. Mshono haukuondoka, ulihama tu kutoka usiku wa manane hadi magharibi.

Dawa ni kuacha kuuona muda kama mstari na kuuchukua kama duara. Mwaka 2009 Ridout na Linkie, wakitumia picha za chui milia na mawindo yake kutoka Sumatra, walieleza namna ya kuchora mkunjo laini wa shughuli za mnyama kuizunguka duara hiyo. Sasa kuna vifurushi vya lugha ya R vinavyokufanyia. Nilipochora, vilima viwili vikatokea, kimoja baada ya magharibi na kingine kabla ya mapambazuko, katikati bonde. Kwa hiyo hata wastani sahihi, saa sita usiku, ungempeleka mjomba shambani wakati wageni ni wachache.

Hizo zote ni picha za kamera ya kwanza. Ya pili betri ziliishiwa. Nilipoweka mpya saa ikarudi Januari mosi, na mimi sikuangalia. Picha 61 nimezitupa.

Imerudishwa shambani. Safari hii nimeitundikia mbele saa ya ukutani ya bei rahisi, kama Pearson. Mjomba anasema sungura wataiiba.