KAMALONDO: SIFA YA MTAA NA WENYE KUITOA

1. Utangulizi

Sifa ya mtaa haizaliwi na tabia ya wakaaji wake peke yao. Mara nyingi hutolewa kwanza na wale waupangao mji, na wakaaji huikuta imekwisha kuandikwa. Komini ya Kamalondo, mjini Lubumbashi, ni mfano ulio wazi. Katika muda wa karne moja imehesabiwa kuwa mahali pa maradhi, kisha makao ya wageni, kisha chimbuko la fahari ya mji mzima.

2. Mtaa wa maradhi

Mji wa Élisabethville ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliwahamishia Waafrika upande wa kusini, katika mtaa uliokuja kuitwa Albert, ndio Kamalondo ya leo. Kati ya mtaa huo na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu wa malaria asipate kuruka kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu. Lakini wapishi na maboyi waliuvuka ukanda huo kila siku, na watumishi wengine walilala nyuma ya nyumba za mabwana wao. Kinga iliyowafumbia macho watu hao ilikuwa na kazi nyingine, nayo ni kuwazoesha wote kuamini kwamba uchafu una upande wake wa mji.

Lugha nayo iliingia katika hukumu hiyo. Kiswahili kilichokomaa mitaani humo na katika kambi za Union Minière kilidharauliwa kama lugha iliyovunjika. Hata hivyo, mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani walikitumia kuandika historia ya mji wao, katika kijitabu chenye jina la André Yav. Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990, na leo wanahistoria hukitumia kama ushahidi.

3. Mtaa wa wageni

Mnamo Desemba 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa komini. Wakuu waliopatikana katika komini za Waafrika walikuwa wote wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wao Kasai. Jambo hilo lisingekuwa la ajabu, kwa kuwa makampuni yenyewe yalikuwa yameleta wafanyakazi kutoka mbali kwa miaka mingi. Lakini lilichochea kuundwa kwa chama cha Conakat mwaka 1958, na neno «mgeni» likashika nafasi ya neno «mchafu». Hatari ya neno hilo ilidhihirika tena miaka ya 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa papo hapo.

4. Mtaa wa fahari

Sifa ya tatu ililetwa na mpira. Timu ya Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya wamisionari Wabenedikto, ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Uwanja wake umejengwa Kamalondo, na siku ya mchezo mji mzima huelekea kusini, pale ambapo zamani mpaka ulichorwa ili watu wasikaribiane.

5. Hitimisho

Mahali ni palepale. Waliobadilika ni wasemaji na haja zao. Mpanga mji alihitaji mpaka, mwanasiasa alihitaji adui, mshabiki anahitaji ushindi. Hata sifa njema imetolewa kwa sharti, na timu ikishindwa yaweza kuondolewa. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asikiapo mtaa ukisifiwa au ukilaaniwa, na aulize kwanza ni nani asemaye, na anataka kupata nini. Jina baya halikuishia mdomoni: lilihamisha nyumba mwaka 1921, na zaidi ya miaka 70 baadaye jina la namna hiyo likawafukuza watu makwao.