Kola ya shingo kwa kasuku anayejinyonyoa: inasaidia wakati gani?

Kasuku anayejinyonyoa anatambulika kwa jambo moja: kichwa chake kinabaki kizuri. Kifua kiko wazi, mapaja yako wazi, chini ya mabawa kuko ngozi tu sawa kuku anayengoja sufuria, lakini kichwani manyoya yote yapo. Ni kwa sababu mdomo wake hauwezi kufika kule. Kama kichwa nacho kina upara, tafuta sababu ingine. Pengine wako wawili ndani ya tundu na mwenzake njo anamnyonyoa. Pengine ni ule ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo, unaoambukiza kasuku wengine. Hapo kola haina kazi.

Kola ni kitu kinachozungushwa shingoni ili mdomo usifike mwilini. Iko ile pana yenye umbo la mpare wa kumiminia mafuta, na iko ile nene, laini, ya sponji, inayofunika shingo yote na kumzuia ndege kuinama. Wengine wanamvalisha kasuku soksi ya mtoto iliyokatwa ncha na kutobolewa matundu mawili ya mabawa. Hiyo si kola, ni kama fulana, na inatosha pale kidonda ni kidogo na kiko kifuani.

Wengi wanatafuta kola kwa sababu wanaona haya mbele ya wageni: ndege ana upara, watu wanacheka. Hiyo si sababu. Kasuku anayeng'oa manyoya peke yake, ngozi ikiwa nzima, hahitaji kola. Anahitaji mtu atafute kinachomsumbua. Kola ni kwa yule anayepita manyoya na kuanza kutafuna nyama, mara nyingi kifuani, chini ya bawa ao mguuni. Ni pia kwa yule aliyeshonwa na veterineri, asiondoe nyuzi. Kasuku wa gramu 400 ana damu karibu mililita 40, haifiki vijiko vikubwa 3. Ukikuta damu kwenye tundu asubuhi, usingoje mangaribi. Gandamiza kidonda na kitambaa safi dakika kadhaa bila kuachilia kila mara kuangalia, kisha fikiria kola.

Kwetu huku Masisi na Walikale hakuna duka linalouza kola ya ndege. Lakini waganga wa wanyama mahali pengi duniani wanatumia filme ya zamani ya radiografia, ile picha ya mifupa wanayokupatia hospitalini. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo, inapita mwangaza kidogo. Iloweshe na kuisugua mpaka weusi utoke, uisafishe na sabuni, ikauke. Pima shingo ya ndege na uzi, kata duara lenye tundu katikati, kisha pasua upande mmoja ili lifungike. Ukingo wote, wa ndani na wa nje, ufunikwe na sparadra, kwa sababu filme inakata sawa wembe. Upana uwe wa kutosha tu mdomo usifike kidonda. Kola kubwa kupita kiasi inamwangusha. Shingoni isibane, wala isilegee mpaka ndege aingize mdomo ao ukucha ndani, maana hapo njo anajinyonga. Kama hujawahi kushika kasuku kwa taulo, usijifunzie siku hiyo peke yako. Mmoja ashike kichwa na miguu, mwingine afunge, na hapana kukandamiza kifua: ndege hana njia ingine ya kupumua isipokuwa kutanua kifua.

Kisha kazi ya kweli inaanza. Karibu kila kasuku anapovalishwa kola mara ya kwanza anarudi kinyumenyume, anabingirika, anapiga kelele. Teremsha kijiti cha kukalia karibu na chini, tandika nguo kwenye sakafu ya tundu, weka chakula na maji katika chombo anachoweza kufikia akiwa na kile kitu shingoni. Kaa naye saa za kwanza. Mwenye kumvalisha na kwenda kazini anaweza kurudi akute maiti. Na kama siku nzima imepita bila yeye kula, ondoa kola, hata kama kidonda hakijapona. Ndege mwenye njaa anakufa mbele ya ndege mwenye kidonda.

Kinachodanganya ni kwamba kasuku anaficha ugonjwa. Anaonekana anakula, kumbe anachezea mbegu tu. Kwa hiyo mpime kila asubuhi kwenye mizani ya dukani inayoonyesha gramu (ile ya dhahabu ya kule Omate ni ndogo kwa kazi hii). Wa gramu 450 akishuka mpaka 405, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hiyo ni hatari.

Kuhusu dawa, neno moja. Usimpake mawese, petroli wala pomadi. Pomadi za ngozi zenye kotikoidi, zile ambazo watu wengine wanajipaka ili wawe weupe, zinaingia mwilini mwa ndege na kuvunja nguvu yake ya kupambana na ugonjwa. Mafuta yoyote kwenye manyoya yanamfanya ashindwe kulinda joto lake, na atajinyonyoa zaidi akijaribu kuyatoa.

Sasa, kwa nini anajinyonyoa? Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, huyu wa misitu yetu, ni mmoja wa wale wanaojulikana zaidi duniani kwa tabia hii. Porini anaishi katika kundi, analala na mamia ya wenzake kwenye mti mmoja, anaruka mbali kutafuta ngazi na matunda. Yule unayemkuta Mubi, Njingala ao Omate kwa kawaida hakuzaliwa ndani ya nyumba. Alinaswa kwa ulimbo, akakatwa manyoya ya bawa, akawekwa peke yake. Wenye kumnasa mara nyingi wanatumia kasuku mwingine aliyefungwa ili awaite wenzake, yaani wanatumia mapenzi yake ya kundi kumkamata. Kisha tunashangaa anapokosa kundi na kujitafuna.

Kuna pia mambo ya nyumba. Tundu likiwa ndani ya nganda, muziki unapigwa mpaka usiku wa manane, ndege halali zile saa 10 mpaka 12 anazohitaji. Moshi wa makala na sigara unamchoma mapafu na ngozi. Waya wenye zinki ao risasi, akiutafuna kila siku, unamtia sumu. Chakula nacho: wali, mkate na karanga havina vitamini A ya kutosha, na ngozi inakauka, inawasha. Dawa ya hapo iko sokoni: ngazi zenyewe, papai, karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, lengalenga. Kasuku wa kijivu anapungukiwa haraka na kalisi katika damu. Akitetemeka na kuanguka toka kijitini, fikiria hilo, na umpeleke kwenye jua la asubuhi kila siku, pasipo kioo katikati na penye kivuli cha kukimbilia. Sombe mbichi hapana. Avoka hapana kabisa, hata kipande: tunda hilo tunalolipenda Kivu nzima linaua ndege.

Mpe pia kazi ya kufanya: mti mbichi wa kutafuna, ganda la mahindi lenye karanga iliyofichwa ndani. Mdomo wenye kazi haukumbuki kifua. Kama umefanya haya yote na kola bado inahitajika kila unapoivua, basi tatizo liko ndani ya mwili ao ndani ya maisha yake yote, na kola inaficha tu.

Wanaomhudumia wanawe mikono, na watoto wadogo wasisafishe tundu. Kasuku anaweza kubeba bakteria inayoingia katika mapafu ya watu na kuleta homa kali na kikohozi. Mtu akiugua hivyo nyumbani kwenye kasuku, amwambie muganga kwamba anaishi na ndege; bila hilo, muganga atatibu malaria peke yake.

Tuseme pia la sheria, maana wengi hawalijui. Mwezi wa Oktoba 2016, kwenye mkutano wa CITES kule Johannesburg, kasuku wa kijivu aliwekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba huo, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imekatazwa. Mbele ya hapo Congo ilikuwa na ruhusa ya kusafirisha 5.000 kwa mwaka. Hapa nchini, sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayosimamia ulinzi wa maumbile. Kwa hiyo mwenye kasuku mgonjwa anaogopa kuulizwa amemtoa wapi, na anamficha mpaka anakufa. Hilo tunalielewa, lakini halimsaidii ndege.

Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kituo kinachojulikana zaidi kwa sokwe na nyani waliookolewa kinapokea pia kasuku wa kijivu. Usimpakie kwenye pikipiki ukaanza safari. Anza na ofisi ya ICCN ao ya mazingira ya mtaa wako, ueleze hali yake, wao wajue namna ya kumsafirisha. Wakati unangoja, weka tundu mahali penye joto na kimya, nusu lifunikwe na kitambaa. Manyoya yaliyong'olewa mara chache yanaweza kurudi, lakini mahali palipong'olewa miaka na miaka, shina la unyoya limekufa, na pale patabaki ngozi. Mabawa yaliyokatwa tu, siyo kung'olewa, yanaota upya ndege anapobadilisha manyoya, na hiyo inachukua miezi mingi.